Msitoe Betri

Msalaba ulikuwa tayari saa nne asubuhi. Fundi wa kuchomelea wa pale Njombe mjini alikuwa ameupaka rangi nyeupe na kuandika kwa herufi nyeusi: Kristina, kisha jina la baba yake, kisha miaka miwili yenye kistari katikati. Tulikunja kiti cha nyuma, tukaulaza garini, nikaufunika kwa blanketi ili rangi isichubuke. Muda nilikuwa nao wa kutosha. Kutoka Njombe hadi Makambako ni kama saa moja tu, na kwaya ilikuwa inanisubiri Lyamkena, hapohapo Makambako, saa tisa.

Kwa kweli hawakuwa wananisubiri mimi, wala msalaba. Walikuwa wanaisubiri redio ya gari.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu kwa miaka kumi na moja. Mwaka jana alitunga wimbo wa sauti nne, na kwa kuwa wanakwaya wengi hawasomi nota, aliuimba peke yake, sauti moja baada ya nyingine, zile za wanaume akizipandisha juu kidogo kwa sababu koo lake lilikataa kushuka huko. Studio moja ya Makambako ikamtolea CD moja tu, yenyewe isibaki na nakala. Hiyo CD ilizunguka kwa wanakwaya mpaka ikavunjikia kwenye mkoba wa mtu ambaye hadi leo hajajitaja. Bahati ni kwamba kabla ya kuanza kuzunguka ilikuwa imepita kwenye gari letu, na redio yake ina kumbukumbu ndani: ukiweka CD, yenyewe inanakili na kuhifadhi. Kristina akafariki mwezi wa kumi na mbili, wanaume wakiwa bado hawajaushika wimbo. Sasa kwaya ilitaka kuuimba Jumamosi, siku ya kusimika msalaba kaburini kwake, na sauti pekee ya kuwafundisha ilikuwa imo ndani ya redio ile.

Jenifa, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa ameniomba tangu Januari. "Shemeji, tufungulie gari tu, nirekodi kwa simu. Dakika kumi." Kila mara nilimwambia asubiri. Sababu niliyompa ni kwamba redio ni ya Kijapani na mimi siijui, na hiyo ilikuwa kweli. Gari letu ni la mtumba, na kila kilichoandikwa kwenye kioo cha redio ni vile vialama vyao. Kristina alikuwa amevikariri kwa mahali vilipo. "Chini kushoto, halafu cha tatu kutoka juu, halafu haka kenye kama nyumba yenye mguu," alikuwa akisema huku anaendesha, na mimi nacheka pembeni, sishiki hata kimoja. Sababu nyingine sikumpa. Sikutaka kuisikia sauti ya mke wangu nikiwa nimezungukwa na watu ishirini kabla sijaisikia peke yangu.

Ndiyo maana nilipopita Mtwango nikaegesha pembeni. Ukungu ulikuwa umeshuka, manyunyu yanaanguka, kwa hiyo nikaacha taa zikiwaka ili nionekane. Injini nikaizima. Nikageuza ufunguo hadi redio ikawaka, nikaanza kubonyeza.

Sijui kama kuna kazi inayochosha kama kutafuta kitu kwenye nyumba ambayo milango yote inafanana. Nilibonyeza chini kushoto, nikapata ramani iliyonionesha nimeegesha katikati ya bahari ya bluu, hakuna nchi upande wowote. Nilibonyeza cha tatu kutoka juu, mwanamke akaanza kunieleza jambo kwa Kijapani, kwa adabu sana, na hakukubali kunyamaza. Nikapata redio inayotoa upepo mtupu. Nikapata ukurasa mwekundu ulioniogopesha, nikatoka haraka. Kila nilipokosea nilirudi mwanzo, na mwanzo wenyewe sasa ulikuwa umebadilika rangi. Kanyumba kenye mguu sikukaona popote. Nilitukana, kitu ambacho huwa sifanyi, tena msalaba ukiwa nyuma yangu.

Ilipita karibu saa nzima. Halafu, bila kujua nimegusa nini, nikasikia kikohozi.

"Sauti ya tatu," akasema Kristina. "Wababa, msikimbie. Subirini wamama wamalize, ndipo muingie."

Akaimba. Niliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Wimbo unaanza na mlima: mlima ulikuwa mrefu, Bwana, miguu ilikuwa mizito. Aliimba mstari huo mara mbili, polepole, kama anavyomfundisha mtu mzito wa kushika. Akaingia kwenye kiitikio. Alipofika kwenye neno "umetushika", kioo kikazimika.

Niligeuza ufunguo. Gari likatoa mlio wa tiki-tiki-tiki, kama mjusi, likanyamaza. Nikakumbuka taa. Nikazizima, lakini haikusaidia kitu. Kilichobaki hai ni ile saa ndogo ya kwenye dashibodi, ikiwaka kwa unyonge. Nilipoiona nikapumua kidogo, maana Jofrey, fundi wetu wa Makambako, alituonya tangu siku ya kwanza: umeme ukikatika kabisa kwenye redio hii, itajifunga na kudai namba ya siri, na namba hiyo alibaki nayo Mjapani. Saa ikiwaka, redio bado ina uhai.

Nikampigia Jofrey. Nikamweleza mahali nilipo na kwamba anahitajika aje na waya za kubusti.

"Nipo njiani, Baba Brightness," akasema. Nyuma yake nilisikia mtu anagonga bati.

Nikashuka, nikakata matawi ya mikaratusi na kuyaweka barabarani nyuma ya gari, mengine mbele, nikakaa ndani kusubiri. Simu yangu ni ya kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Nilimpigia tena baada ya nusu saa. Alikuwa bado yupo njiani, na lile bati nalo lilikuwa bado linagongwa.

Bodaboda wawili wakasimama. Hawakuuliza mengi. "Mzee, washa swichi, tukusukume." Nikageuza ufunguo kama walivyosema, nikatoa gia, wakasukuma kwa nguvu zao zote, hatua ishirini au zaidi, tope linawarukia mpaka kifuani.

"Achia klachi!" akapiga kelele mmoja.

"Haina klachi."

Wakaacha kusukuma. Akaja dirishani, anahema. "Ni otomatiki?"

"Ndiyo."

"Sasa mzee, hapa tumesukuma nini?"

Walijifuta, wakacheka wao kwa wao, wakaondoka. Nikarudi nyuma kuyasogeza matawi yafuate gari.

Ilikuwa imepita saa nane lilipokuja lori la viazi kutoka Iwawa. Lilinipita, likasimama mbali mbele, na dereva akashuka na jiwe, akalizuia tairi kabla ya kuja kwangu. Alikuwa mtu wa makamo, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye sweta zito na kitenge kichwani, ndiye mwenye viazi.

"Kamwene," akanisalimu dereva.

"Kamwene."

"Mimi Aron. Huyu ni bosi wangu, Hilda. Haya matawi umemwekea nani?"

"Magari yanayokuja."

"Umeyaweka mlangoni kwako. Lori la mbao likishuka na mwendo kwenye kona ile, litayaona likiwa limeshakupanda." Hakungoja nijibu. Aliyaokota, akatembea nayo mpaka nyuma ya kona, hatua kama themanini, akayatupa pale, akarudi anapangusa mikono. "Haya. Inasemaje?"

Nikamweleza. Akafungua boneti, akatazama, akagusa vichwa vya betri.

"Lori langu ni volti ishirini na nne," akasema. "Nikikuunganisha hivihivi nakuchomea kila kitu. Ningeweza kutumia betri moja kati ya mbili, lakini waya sina. Hapa dawa ni moja. Tunasimamisha gari dogo, tunatoa betri yako, tunaweka ya kwake, linawaka, tunakurudishia yako likiwa linaunguruma. Dakika kumi."

"Msitoe betri," nikasema.

"Kwa nini?"

"Redio itajifunga."

Aron akamtazama Hilda. "Redio."

"Itadai namba ya siri. Namba sina."

"Kaka yangu, umekwama kwenye ukungu, nyuma yako kuna kona, na unawaza redio?"

"Labda leo kuna mechi," akasema Hilda, na wote wawili wakacheka, si kwa ubaya.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini walikuwa watu nisiowajua, wamesimama wanacheka, na mimi tangu tulipomzika Kristina nilikuwa nimejizoeza kutomtaja mbele ya watu ili sauti isinikatike. Nikarudia tu, "Msitoe betri. Fundi yupo njiani." Aron akainua mabega. Akaniuliza kama nina pembetatu ya kuakisi, angalau tuiweke barabarani. Nikamwambia sijui, huenda ipo nyuma.

Akaenda kufungua buti. Blanketi lilikuwa limeteleza wakati wa kusukumwa. Alisimama pale muda mrefu, anasoma. Kisha akavua kofia.

"Ni nani wako?"

"Mke wangu."

Hilda akashika kichwa. "Jamani, pole baba. Pole sana. Na mimi nimesimama hapa nakutania habari za mechi."

Kuanzia hapo kila kitu kilibadilika. Kwetu mfiwa hashiki kazi. Majirani wanachota maji, wanapasua kuni, wanachimba, na wewe kazi yako ni kukaa na kupokea pole. Hata ukiinuka kusogeza kiti, mtu anakunyang'anya. Sasa sheria hiyo ikanikuta barabarani. Aron akauchukua ufunguo mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Leo hushiki hata spana," akasema. "Kaa. Tuachie sisi."

"Lakini betri..."

"Tuachie sisi, kaka."

Hilda akanishika kiwiko akanipeleka kwenye lori. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya dizeli na udongo. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akafungua kitambaa chenye viazi vya kuchemsha na chumvi iliyokunjwa kwenye karatasi.

"Waambie wasitoe betri," nikasema.

"Kunywa kwanza."

"Ile redio, mama..."

"Redio ipo, baba. Haiendi popote. Mambo ya redio mwachie Aron." Aliongea nami kama unavyoongea na mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba, anayeulizia ufunguo wa kabati wakati jeneza lipo sebuleni. Nilishawahi kuongea na watu hivyo mimi mwenyewe. Nilijua hakuna neno langu litakalomfikia. "Aliugua?" akauliza.

"Wiki mbili."

"Mna watoto?"

"Mmoja. Brightness. Yupo chuo."

"Mungu ni mwema, mmoja si haba." Akaniwekea kiazi kingine mkononi.

Kioo cha lori kilikuwa kimejaa mvuke. Nilipokuwa natafuna kile kiazi nikakumbuka jinsi ilivyokuwa siku tulipobadilisha betri mwaka juzi. Kristina alimsimamia Jofrey na kumlazimisha azigusishe waya za gari kwenye betri ya pili kabla ya kuitoa ya kwanza, ili umeme usikatike hata nukta moja. Jofrey alilalamika lakini akafanya. Ilikuwa rahisi hivyo. Aron angeweza kufanya hivyo hivyo, mradi aambiwe. Nikaweka chai chini, nikashika kitasa.

"Unakwenda wapi? Mvua hiyo."

"Nataka kumwambia kitu."

"Nitamwambia mimi. Kitu gani?"

Nikaanza kumweleza, betri ya pili, waya, umeme usikatike. Alinisikiliza kwa huruma, anatikisa kichwa kwa kila neno, na niliona kwamba hashiki kitu. Nikafungua mlango. Mguu wangu haujagusa lami nikasikia gari langu likiwaka.

Nilikimbia. Palikuwa na gari dogo jingine limesimama puani kwa langu, boneti zote mbili wazi, na mwenye gari, mwalimu aliyekuwa anakwenda Njombe, anafunga betri yake. Aron alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mikono myeusi, anacheka.

"Nilikuambia dakika kumi."

Nikainama dirishani. Saa ndogo ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na ilikuwa imerudi kwenye moja na sifuri mbili. Kioo cha redio kilikuwa cheupe. Juu mstari mmoja wa vile vialama, chini yake vijumba vitupu vimepangwa, na chini kabisa namba, sifuri hadi tisa, zinangoja.

Mwalimu akachungulia juu ya bega langu. "Ee, hata yangu ilifanya hivyo. Ikishadai namba ndiyo basi. Ng'oa hiyo, weka ya Kichina, ina bluutuu na kila kitu."

"Samahani kwa redio," akasema Aron. "Ila utafika."

Nilikuwa na hasira, na sikuwa na pa kuipeleka. Ningemgombeza nani? Mtu aliyepiga magoti kwenye tope kwa ajili ya mgeni? Mwanamke ambaye viazi vyake vilikuwa vinalowa?

"Asanteni," nikasema. "Asanteni sana."

"Mungu akutie nguvu," wakasema, karibu kwa pamoja.

Nilikuwa nimeshaingia barabarani Jofrey alipopiga. "Baba Brightness, nimekaribia Mtwango." Bati liligongwa mara mbili.

"Basi rudi," nikamwambia.

Nilifika Lyamkena saa kumi na dakika ishirini. Kwaya ilikuwa imejibanza chini ya upenu wa kanisa, daftari mikononi. Jenifa alikuwa ameshika simu yake juu, tayari. Nilizima injini, nikashuka, nikawaambia redio imejifunga. Nikawasimulia taa, ukungu, betri, mtu wa viazi.

"Shemeji," akasema Jenifa hatimaye, "hukuwaambia?"

"Niliwaambia wasitoe betri. Mara nne."

"Uliwaambia betri. Hukuwaambia Kristina."

Aliishusha simu. "Tangu Januari," akasema, na hakumalizia. Alienda kusimama upande wa pili wa upenu, ametupa mgongo.

Aliyesogea mbele ni Lameki, kiongozi wa sauti za wanaume, mtu mrefu mwenye duka la mbolea. "Wamama wanazijua zao," akasema. "Besi tunayo nusu, ya kubabaisha. Tusiyokuwa nayo kabisa ni ya tatu. Baba Brightness, kabla haijazimika ulisikia ipi?"

"Ya tatu."

"Basi iimbe."

Nikamwambia mimi siimbi. Kristina mwenyewe alinikataza kuimba karibu na wanakwaya wake, akidai nawapoteza. Lameki akasema hiyo anaijua, amekaa nyuma yangu kanisani miaka mingi, lakini leo hakuna mwingine. Nikaimba. Lilikuwa jambo la aibu. Nilishuka mahali pa kupanda, wanaume wakanifuata, wote tukapotea. Lameki akasema "Rudia." Nikarudia. Akasema hapo si hapo. Nikasema ni hapo. Akasema Kristina hawezi kutunga kitu kibaya hivyo. Mara ya tisa au ya kumi nilitaka kuondoka, na nadhani yeye pia alitaka niondoke. Giza lilianza kuingia ndipo akashika mstari wa mlima, akaunyoosha kidogo hapa na pale, na Jenifa akageuka. "Ndiyo huo," akasema. "Alikuwa anauimba jikoni kwangu."

Tukafika kwenye kiitikio, kwenye "umetushika". Zaidi ya hapo sikuwa na kitu. Mmoja akapendekeza tubuni kilichobaki. Lameki akakataa. Alisema hawezi kumtungia Kristina.

Jumamosi tulisimika msalaba. Hapakuwa na mvua. Kwaya iliimba ule wimbo, na kila walipofika kwenye kiitikio sauti ya tatu iliingia, ikasema "umetushika", ikanyamaza, na wengine wakaendelea bila wao. Mara ya kwanza watu waligeuka kutazama. Mara ya tatu mama mmoja karibu yangu akaanza kulia.

Walipomaliza mchungaji alisogea mbele. Akasema amesikia nyimbo nyingi za msiba, ila hajawahi kusikia ufundi kama huu, wanaume kunyamaza pale ili kutuonesha aliyetutoka. Akasema marehemu alikuwa na kipawa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Jenifa aliangalia viatu vyake.

Nilikaa nikiisikiliza sifa hiyo ikipanda. Ilikuwa nzuri, na haikuwa ya Kristina. Yeye alikuwa ametunga wimbo mzima, hadi mwisho, na kuuimba sauti zote nne kwa koo lake. Nikasimama. Ndugu mmoja akanivuta koti nikae, maana mfiwa hasemi mpaka aitwe.

"Mchungaji, samahani," nikasema. "Pale si ufundi. Pale wanaume hawajui."

Mtu akacheka nyuma, akajikohoza. Lameki akaninong'oneza, "Ungeacha tu, walishatuona wasanii."

Sauti ilinikatika, kama nilivyojua itakatika, nikasubiri irudi. Kisha nikaanza kuwaeleza kuhusu Kristina na redio, kuanzia CD. Mchungaji akafunga kitabu chake, akarudi kukaa, akaniacha nimalize.